MASHUDU SI TAKATAKA

Alizeti ikishavunwa, mashine za kukamua mafuta huanza kulia vijijini. Katika mikoa ya Singida na Dodoma mlio huo husikika toka asubuhi mpaka jua linapokuchwa. Watu huja na magunia yao. Wengine huyabeba kichwani, wengine kwenye baiskeli, wengine kwenye mkokoteni wa punda. Wakirudi nyumbani wamebeba madumu ya mafuta. Kila mtu anafurahi.

Lakini tazama upande wa pili wa mashine. Utaona rundo la vipande vyeusi, vikavu, vilivyobanwa kama vigae vya chungu. Hayo ni mashudu. Wenye alizeti wengi huyaacha pale pale. Hawaulizi yanakwenda wapi.

Sisi tuliuliza. Msimu mmoja tulikwenda katika kijiji kimoja cha mkoa wa Singida kuwatembelea watu waliohitimu kisomo cha watu wazima. Tulimkuta mama mmoja kwenye mashine. Alikuwa amekwisha kamua, anafunga kizibo cha dumu lake.

Tukamwuliza, "Mama, mbona mashudu yako unayaacha?"

"Ya nini, mwalimu? Hayo ni makapi tu. Mwenye mashine atajua pa kuyatupa."

Jioni tulifika nyumbani kwake. Alikuwa na kuku kumi na wawili, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kando ya mlango kulikuwa na mfuko wa chakula cha kuku alioununua mjini. Juu ya mfuko kulikuwa na maandishi. Tukamwambia, "Mama, wewe siku hizi ni msomaji. Hebu tusomee."

Akasogea karibu na mwanga. Akasoma polepole, akifuata kwa kidole: "Pumba za mahindi. Dagaa. Mashudu ya alizeti."

Hapo akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe! Si ndiyo yale niliyoyaacha leo asubuhi?"

Ndiyo, mama. Pengine si yale yale, lakini ni ya namna ile ile. Asubuhi uliyaacha bure kijijini. Jioni unayanunua kwa fedha, yamechanganywa na pumba na kutiwa katika mfuko mzuri.

Ndugu wasomaji, ndiyo sababu leo tunazungumza habari za mashudu. Tutaeleza faida yake. Na tutaeleza pia hatari yake, kwa maana mashudu mabaya yanaweza kuleta sumu ndani ya nyumba.

MASHUDU NI NINI?

Mashudu ni kile kinachobaki baada ya mbegu kukamuliwa mafuta. Alizeti ina mashudu yake. Karanga zina yake. Ufuta na pamba pia.

Chukua kilo 100 za alizeti kavu. Katika mashine ndogo ya kijijini, mara nyingi utapata mafuta kilo 25 mpaka 30. Hutegemea aina ya mbegu, ukavu wake na uzima wa mashine. Mashudu yatakuwa kama kilo 65 au 70. Kidogo kilichobaki hupotea kwa unyevu na vumbi.

Basi angalia vizuri. Ukiondoka na mafuta peke yake, zaidi ya nusu ya mzigo uliokuja nao umeuacha pale. Ulilima wewe, ukapalilia wewe, ukafukuza ndege wewe. Kisha nusu ya jasho lako inabaki kwa mwingine.

KUNA NINI NDANI YA MASHUDU?

Mashine hukamua mafuta tu. Haiondoi protini. Protini ni chakula cha kujenga mwili. Ndicho kinachojenga nyama, damu na manyoya, na ndicho kinachotiwa katika maziwa na mayai.

Katika kilo 100 za mashudu ya alizeti huwa na protini kama kilo 20 mpaka 30. Mahindi yana kilo 8 mpaka 10 tu kwa kila kilo 100. Maana yake, kwa kujenga mwili mashudu yana nguvu mara mbili ya mahindi au zaidi.

Tena mashine ndogo hazikamui mafuta yote. Mafuta kidogo hubaki ndani ya mashudu, nayo humpa mnyama nguvu. Hivyo ndivyo ilivyo hata kwa ile mashine ya mkono yenye mpini mrefu, iliyobuniwa mkoani Arusha katikati ya miaka ya 1980 na kuenea nchi nyingi za Afrika.

Lakini mashudu ya alizeti yana upungufu wake. Kwanza, yana maganda mengi. Maganda ni magumu kuyeyuka tumboni. Ng'ombe na mbuzi huyaweza, kwa sababu wao hucheua. Kuku hawezi mengi. Pili, protini ya alizeti haikukamilika kwa kuku. Inataka kusaidiwa na dagaa au soya. Kwa hiyo mashudu hayalishwi peke yake. Huchanganywa.

TUPIGE HESABU

Sasa chukua kalamu na karatasi. Hesabu tulizojifunza darasani si za kuandika ubaoni tu.

Mahali pengine mwenye alizeti hulipa fedha za kukamua, kisha huchukua mafuta na mashudu yake. Mahali pengine halipi fedha. Huacha mashudu, na mashudu ndiyo malipo. Njia zote mbili ni za haki, ikiwa watu wamepatana na kila mmoja anajua anachotoa. Ubaya ni kutoa bila kujua.

Tuseme, kwa mfano tu, una kilo 100 za alizeti. Mashudu yake ni kilo 65. Tuseme kilo moja ya mashudu huuzwa shilingi 400. Zidisha:

65 × 400 = 26,000.

Mashudu yako yana thamani ya shilingi 26,000. Na tuseme kukamua kwa fedha ni shilingi 10,000. Ukiyaacha mashudu kuwa malipo, umelipa shilingi 26,000 kwa kazi ya shilingi 10,000. Umepoteza shilingi 16,000.

Hizo si bei za kwenu. Andika bei za kwenu, uzidishe mwenyewe. Huenda ukakuta mashudu yana bei ndogo na kuyaacha si hasara. Basi yaache kwa moyo mweupe. Lakini ujue umetoa nini.

Na ukilipa fedha na kuchukua mashudu, yapime kwenye mizani pale pale. Andika uzito katika daftari lako. Mali bila daftari hupotea bila habari.

KUWALISHA KUKU

Kuku wetu wa kienyeji hujitafutia. Wanakula wadudu, majani na punje zilizoanguka. Lakini kiangazi wadudu ni wachache. Hapo kuku hukonda, mayai huadimika, na vifaranga hufa. Chakula cha kuongeza kidogo asubuhi na jioni huleta tofauti kubwa.

Ukitaka kupata kilo 20 za chakula cha kuku wakubwa wa kienyeji, changanya hivi:

Pumba za mahindi, kilo 10.
Mahindi yaliyoparazwa, kilo 4.
Mashudu ya alizeti yaliyotwangwa, kilo 4.
Dagaa waliotwangwa, kilo 1 na nusu.
Chokaa ya mifugo, nusu kilo.
Chumvi, vijiko viwili vya chakula.

Twanga mashudu kwanza. Vipande vikubwa kuku huviacha. Changanya juu ya turubai safi kwa koleo, ugeuze mara nyingi mpaka rangi iwe moja. Usizidishe mashudu kwa kuwa tu unayo mengi. Yakizidi, kuku hushiba maganda na mayai hupungua. Vifaranga wadogo usiwape mchanganyiko huu. Wao wanataka chakula laini zaidi.

Na mayai yakipatikana, tafadhali, yasiuzwe yote. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Jambo tulilofundishwa wakati ule halijazeeka: mtoto hakui kwa ugali mtupu. Yai la kuku wako ni mashudu yaliyogeuka kuwa chakula cha mtoto. Ukiuza mayai matano, la sita mpe mtoto aliyeachishwa ziwa, au mama mwenye mimba. Mambo ya kumkataza mama mjamzito asile mayai ni mila isiyo na faida. Tuiache.

KUWALISHA NG'OMBE NA MBUZI

Ng'ombe wa maziwa chakula chake kikuu ni majani na maji. Mashudu hayawezi kuchukua nafasi ya majani. Ni nyongeza tu. Lakini ni nyongeza yenye nguvu, hasa wakati wa kiangazi majani yanapokuwa makavu kama karatasi.

Mchanganyiko wa kilo 100 ni huu: pumba za mahindi kilo 70, mashudu kilo 27, chokaa ya mifugo kilo 2, chumvi kilo 1. Jumlisha uone: 70 na 27 na 2 na 1 ni 100.

Anza kidogo. Siku ya kwanza mpe konzi chache tu, uongeze taratibu kwa muda wa wiki moja au mbili. Ng'ombe aliyezoea majani, akipewa chakula kingi cha nguvu kwa ghafula, tumbo huvurugika. Mbuzi wa maziwa kikombe kimoja au viwili kwa siku vinamtosha. Bwana shamba au bibi shamba wa mifugo akifika kijijini kwenu, mwonyeshe ng'ombe wako na umweleze maziwa unayopata. Atakuambia kiasi kinachofaa.

KILA MASHUDU NA TABIA YAKE

Usidhani mashudu yote ni sawa. Jina ni moja, tabia ni mbalimbali.

Mashudu ya pamba. Haya hupatikana sana kule Shinyanga, Simiyu na Mwanza. Yana protini nyingi, na ng'ombe wakubwa huyapenda. Lakini mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili inayoitwa gosipoli. Ng'ombe mkubwa anayecheua huistahimili, akipewa kwa kiasi. Nguruwe, kuku na ndama wadogo hawaiwezi. Huwadhuru moyo na ini. Hata mayai ya kuku hubadilika rangi ndani. Basi kumbuka: mashudu ya pamba ni ya ng'ombe mkubwa.

Mashudu ya karanga. Haya yana protini nyingi kuliko ya alizeti, na hayana maganda mengi. Mifugo yote huyafurahia. Lakini ndiyo yanayoshikwa na ukungu upesi sana. Tutaeleza mbele.

Machicha ya nazi. Ndugu zetu wa pwani wakishakamua tui, machicha hubaki. Kuku hula machicha vizuri. Lakini yana maji, huchacha upesi. Yalishwe siku ile ile au yaanikwe juani.

JE, BINADAMU ANAWEZA KULA MASHUDU?

Swali hili tuliulizwa pale pale kijijini, na ni swali zuri.

Mashudu ya alizeti yanayotoka katika mashine zetu, hapana. Yana maganda makali kama mabua. Yataumiza tumbo, hasa la mtoto. Tena mashine na sakafu huwa na vumbi na mafuta machafu. Mpe kuku, wewe ule yai.

Mashudu ya karanga ni habari nyingine. Kule Afrika ya Magharibi, hasa Nigeria na Benin, kina mama husaga karanga, hukamua mafuta kwa mikono, kisha huviringisha mashudu na kuyakaanga. Hupata vitafunio vikavu vinavyoitwa kulikuli. Huliwa na uji au na gari, yaani unga wa muhogo uliokaangwa. Ni chakula cha kujenga mwili. Lakini lazima karanga ziwe nzuri, zimechaguliwa moja moja, na vyombo viwe safi.

Na wenzetu wanaolima zeituni, kama vile Tunisia, Hispania na Ugiriki, nao wana makapi yao ya kukamulia. Hawayatupi. Hutoa mafuta kidogo yaliyobaki na kutengenezea sabuni. Makokwa na makapi makavu huwa kuni. Mengine hulishwa kondoo kwa kiasi. Tunataja habari hiyo ili tujue kwamba kutunza mabaki si dalili ya umaskini. Ni akili ya mkulima popote alipo.

ADUI ALIYEJIFICHA

Sasa ndugu zangu, hapa tusome taratibu.

Turudi kwa yule mama. Tulipokuwa nyumbani kwake tuliona katika kona ya ghala debe la karanga. Tukachota kiganjani. Nyingi zilikuwa zimesinyaa, nyingine nyeusi, nyingine zina ukungu wa kijani. Tukamwuliza za nini.

Akasema, "Nilichagua nzuri nikaziuza. Hizi mbovu nitazikamua. Mafuta hayana neno. Mashudu yake nitampa ng'ombe, sasa nimekwisha jua faida yake."

Wakati huo mjukuu wake, mtoto wa miaka miwili hivi, alikuwa ameketi mlangoni anakunywa maziwa katika kikombe. Maziwa ya ng'ombe yule yule.

Tukashtuka. Kwa maana tulikuwa tumemfundisha nusu tu ya somo, na nusu ya somo inaweza kuwa mbaya kuliko kutojua kabisa.

Ukungu huo hutengeneza sumu. Inaitwa sumukuvu. Huwezi kuiona kwa macho. Haina harufu wala ladha unayoweza kuitambua. Hupenda mahindi na karanga kuliko vyote, lakini hata alizeti huipata. Huanza shambani wakati wa ukame, na huongezeka ghalani kukiwa na joto na unyevu.

Jambo la kwanza la kushika: kupika hakuiondoi. Chemsha, kaanga, choma, sehemu kubwa ya sumu inabaki.

Jambo la pili: mbegu mbovu zikikamuliwa, sehemu kubwa ya sumu hubaki katika mashudu. Mafuta nayo hayawi salama kabisa, maana yetu hayasafishwi kama ya viwanda vikubwa.

Jambo la tatu: ng'ombe akila mashudu hayo, sehemu ya sumu hupita katika damu yake na kuingia katika maziwa. Kuchemsha maziwa huua vijidudu, lakini sumukuvu haifi, kwa sababu si kiumbe hai. Basi njia ni hiyo: kutoka karanga kwenda kwenye mashudu, kutoka mashudu kwenda kwa ng'ombe, kutoka kwa ng'ombe kwenda kikombe cha mtoto.

Sumu hii hushambulia ini. Mtu akila nyingi kwa mara moja, macho huwa ya manjano, tumbo hujaa, hutapika, na anaweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka, anaweza kupata saratani ya ini. Nao watoto waliozoea vyakula vyenye sumu hii wameonekana kudumaa.

HAYA SI MANENO YA KUTISHANA

Mwaka 1960 kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafula mashambani. Waganga wa mifugo hawakujua ugonjwa gani. Walipochunguza, wakakuta chanzo ni chakula chao. Ndani yake mlikuwa na mashudu ya karanga yenye ukungu, yaliyotoka Brazil. Hapo ndipo wataalamu walipoitambua sumukuvu. Tazama basi: sumu hii ilijulikana duniani kwa sababu ya mashudu.

Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Watu 125 kati yao walikufa.

Hata kwetu Tanzania imetokea. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua kwa sumu hii kutoka mahindi ya nyumbani kwao, na baadhi yao walifariki. Watu hao hawakuwa wazembe. Walikula walichovuna.

Na mwaka 2014 na 2015 wataalamu walikusanya alizeti na mashudu kutoka kwa wakamuaji wadogo katika mikoa yetu, kama Dodoma, Singida, Mbeya na Morogoro. Wakapima. Baadhi yake yalikutwa na sumukuvu nyingi. Si yote, lakini yapo.

TUFANYE NINI?

Tusiache mashudu. Tuache uchafu na unyevu. Kazi huanza mapema, kabla ya kufika kwenye mashine.

1. Vuna kwa wakati. Kichwa cha alizeti kikigeuka nyuma kuwa cha manjano na kahawia, kimekomaa. Usikiache shambani kinyeshewe.

2. Anika juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo mtupu. Udongo una ukungu na unyevu. Mvua au umande ukija, funika.

3. Kausha mpaka ikauke kweli. Ponda mbegu kwa jino. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, rudisha juani.

4. Chagua. Karanga zilizosinyaa, zilizotobolewa, nyeusi na zenye ukungu zitoe. Mbegu mbovu hazikamuliwi, wala hapewi kuku, wala hauziwi jirani.

5. Mashudu yakitoka kwenye mashine huwa ya moto. Usiyafunge katika gunia hapo hapo. Yatatoa jasho na kuota ukungu. Yatandaze kwanza mahali safi mpaka yapoe kabisa.

6. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta na panya. Paa lisivuje.

7. Usiweke kwa muda mrefu. Mashudu yenye mafuta huharibika na kutoa harufu kali. Kamua kidogo kidogo, ulishe yangali mapya. Alizeti kavu yenye ganda hukaa vizuri kuliko mashudu.

8. Ukinunua mashudu, fungua gunia. Nusa. Tia mkono mpaka katikati. Ukikuta joto, unyevu, mabonge au ukungu, usinunue hata kama bei ni ya chini. Rahisi ya namna hiyo ni ghali.

Na kama umekwisha mpa ng'ombe mashudu mabaya? Acha mara moja. Mpe majani na maji safi. Sumu hupungua katika maziwa, na baada ya siku chache huisha. Katika siku hizo usimpe mtoto maziwa hayo. Mtoto mwenye macho ya manjano au tumbo lililojaa apelekwe zahanati bila kungoja.

MABAKI MENGINE

Tuseme machache juu ya mabaki mengine ya alizeti. Maganda makavu yanafaa kutandika katika banda la kuku, kisha huwa mbolea. Mashina ni kuni za kuwashia moto, na vichwa vilivyopukuchuliwa, vikiwa safi na vikavu, ng'ombe huvila. Mashapo mazito yanayotuama chini ya dumu la mafuta si ya kupikia. Hutengenezewa sabuni. Lakini magadi makali ya sabuni huunguza ngozi na macho. Mwenye kutaka kazi hiyo ajifunze kwanza kwa anayeijua, na watoto wakae mbali.

YULE MAMA ALIFANYAJE?

Tulipomweleza habari ya ukungu, mama hakujibu upesi. Debe zima la karanga si kitu kidogo katika nyumba ya mkulima. Akaziangalia karanga. Akamwangalia mjukuu wake. Akasema, "Mwalimu, kutupa chakula ni dhambi."

Tukamwambia, "Ni kweli, mama. Lakini hiki si chakula tena."

Akakaa kitambo. Kisha akamwita kijana wake alete jembe. Wakachimba shimo refu nyuma ya nyumba, mbali na kisima, wakamimina debe lote, wakafukia. Kazi ilipokwisha alikung'uta mikono akasema, "Haya. Kesho nakwenda kwa mwenye mashine. Mashudu yangu ya alizeti nayataka. Na mizani nitaisoma mwenyewe."

Ndugu wasomaji, hiyo ndiyo faida ya kisomo. Si kuandika jina tu. Ni kusoma mfuko, kusoma mizani, na kujua kipi cha kubeba nyumbani na kipi cha kufukia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mashudu hubaki kwa nani? Je, tumepatana hivyo, au ni mazoea tu?

2. Pigeni hesabu kwa bei za hapa kwenu: ni faida kulipa fedha au kuacha mashudu?

3. Kwa nini mashudu ya pamba hayafai kwa kuku?

4. Eleza njia ambayo sumukuvu hupita kutoka katika karanga mpaka kwa mtoto.

5. Karanga na mahindi mabovu ya mwaka huu tumeyaweka wapi? Tuyafanye nini?